Dakika Saba za Saa ya Mahakama

Horace Dimmock aliniuliza saa siku ya kwanza nilipoanza kazi, na hakuacha kuniuliza kwa miaka arobaini na minne.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, ndoo mkononi, nimesimama kwenye ngazi za mahakama ya Kelverton nikingoja kufunguliwa mlango. Yeye alikuwa na saa yake ya mkononi, na juu ya kichwa chake, kwenye mnara, kulikuwa na saa kubwa kuliko zote wilayani kwetu, yenye uso mweupe na mshale mrefu unaokaribia kimo changu. Hata hivyo aliniuliza mimi.

"Saa yako inasemaje, binti?"

"Inasema na wewe unayo yako."

"Nimekuuliza yako."

Nikamwambia. Akatazama juu, akalinganisha, akashusha pumzi, ndipo akatoa ufunguo mfukoni. Jioni ile nilimwambia mama kwamba bosi wangu mpya hana akili timamu. Mama alicheka, akasema mji mzima unajua hilo, ila ni mtu mwema na nisimjibu vibaya.

Kweli alikuwa mwema. Alikuwa mtunza jengo, na kazi yake haikuwa na mwisho: kuwasha tanuri la kupasha joto, kufungua milango, kuwaita mashahidi kwa sauti, kumjazia jaji maji, na kila Jumatatu kupanda ngazi sitini na moja hadi mnarani kuitia saa ufunguo. Aliishi humo humo, vyumba viwili vya nyuma, pamoja na mkewe Winnie na binti yao. Winnie alianika nguo kwenye uwanja yanaposimama magari ya mahabusu, na mara nyingi niliona mtu mwenye pingu akipita chini ya mashuka yake huku ameinamisha kichwa.

Lakini saa! Redio ilipopiga ile milio yake ya kuonyesha saa kamili, Horace alikuwa amekwisha kusimama uwanjani, redio ndogo sikioni, macho juu mnarani. Nusu dakika ikizidi au ikipungua, alipanda ngazi zote zile akairekebisha. Baani walimchoka. "Dimmock," walimwambia, "siku Mungu akikuita, utamuuliza saa kwanza?" Wengine walimuuliza Winnie kama yeye ndiye mke mkubwa au saa ndiyo mke mkubwa. Horace alicheka nao, lakini kwa mdomo tu. Mimi nilikuwa karibu nikaona.

Jengo lenyewe nililipiga deki mpaka nikalijua kuliko nyumba ya mama yangu. Lilijengwa mwaka 1811, jiwe la manjano kutoka machimbo ya kwetu, juu ya gereza la zamani. Gereza walilibomoa, vyumba vya chini wakaviacha kwa kuwa vilikuwa imara. Mbele lina nguzo nne nene zisizobeba kitu ila majivuno. Aliyelichora alikuwa na wazo moja kichwani: watu wa aina nne wasigusane mabega mpaka wakutane ndani ya chumba kimoja. Kwa hiyo kuna njia nne. Ya jaji ina zulia, na inatokea chini ya nembo ya ufalme, simba na farasi wa pembe moja waliochongwa kwa mbao. Ya jopo, wale raia kumi na wawili wanaoamua kama mtu ana hatia, iko ubavuni. Ya watu wa kawaida inapita katikati ya nguzo. Na ya mshtakiwa inatoka chini, ngazi za mawe nyembamba zinazopanda moja kwa moja mpaka kizimbani, hivyo mtu huchomoza kichwa kwanza, mbele ya macho ya mji mzima. Ngazi hizo zimelika katikati. Nilipokuwa nazisugua nilikuwa napita kandokando, sijui kwa nini, nadhani kwa heshima.

Mtu mmoja tu alipita njia zote nne. Mtunza jengo.

Chumba cha jopo kilikuwa cha baridi kuliko vyote. Vyumba vingine vyote vilikuwa na mahali pa moto, hicho hakikuwa nacho, kwa sababu zamani wale watu walifungiwa humo bila chakula, bila kinywaji, bila moto, ili wasikae wakivutana siku mbili. Mlango wake ulikuwa mnene kama kitabu cha sala cha kanisani, na tundu la ufunguo liko nje. Siku hizi jengo ni hoteli. Watu hulala kwenye vyumba vya mahabusu kwa hiari yao, na kifungua kinywa huandaliwa humo kwenye chumba cha jopo. Wameweka moto.

Barua ya kufunga mahakama ilikuja mwaka 2013. Horace alikuwa na miaka themanini na minne. Winnie alikwisha kufariki, na yeye alikwisha kustaafu zamani, lakini bado alipanda mnarani kila Jumatatu na hakuna aliyethubutu kumkataza. Siku ya mwisho walikata keki, wakanywa chai kwenye vikombe vya karatasi, mkubwa mmoja akasema maneno ambayo angeweza kuyasema kwa jengo lolote. Watu walipoanza kuondoka, Horace akanishika mkono.

"Beryl, panda nami juu."

"Kwa magoti haya? Kwani saa imekuwaje?"

"Panda, mama. Sitakuomba tena."

Tukapanda, tunapumzika kila ngazi kumi kama wazee tuliokuwa. Chumba cha saa kilikuwa kidogo, kinanuka mafuta, na mitambo ya saa ilikuwa ikitikisika tik, tik, hadi ndani ya kifua. Horace alifungua sanduku la mbao lililo ubavuni mwa saa akatoa daftari la jalada la ngozi. Nililitambua. Miaka ya themanini niliwahi kuliona nikifuta vumbi. Nilifungua ukurasa mmoja, nikaona hati ya zamani iliyopindapinda: *Jaji anafika kesho. Saa mbele 7.* Ukurasa mwingine, vilevile. Nikashangaa kidogo, nikalirudisha, nikaenda kunywa chai. Sikuuliza. Najuta hilo mpaka leo, na mtaona kwa nini.

"Mimi ni mtunza jengo wa saba," Horace alisema. "Wa kwanza aliitwa Josiah Peart. Zamani zake alikuja jaji mmoja mkali. Wakulima wawili wa jopo walichelewa, mmoja mkewe alikuwa na uchungu wa kuzaa, na jaji akawatia ndani wote wawili. Basi Peart akaona huruma. Wiki ambayo majaji wanakuja mjini, siku moja kabla, alikuwa anaisogeza saa mbele dakika saba. Wakiondoka, anairudisha. Na akamwapisha aliyemfuata, naye akamwapisha wa baada yake. Tusiseme kwa mtu."

Nilianza kucheka. Niliwaza mji wetu mzima, mara tatu kwa mwaka, ukiishi wiki nzima dakika saba mbele ya dunia bila kujua. Watu wote walirekebisha saa zao kwa mnara ule. Hata majaji: kitu cha kwanza jaji alichofanya akishuka garini ni kutoa saa yake mfukoni na kuilinganisha na ya mahakama.

"Na waliopanda treni je? Hawakuona?"

"Walidhani treni zimechelewa," alisema Horace. "Hilo lilimshangaza nani?"

"Na wenye redio?"

"Waliiamini saa ya mahakama kuliko redio. Watu wa hapa, Beryl. Kitu kikiwa juu ya mahakama, hakisemi uongo."

"Basi ni jambo la kucheka, Horace. Mbona unalia?"

Akanionyesha ukurasa wa mwisho wenye maandishi. Ilikuwa hati yake mwenyewe, ya Februari 1962. *Saa imerudishwa.* Baada ya hapo daftari lilikuwa tupu, kurasa nyeupe tupu mpaka mwisho.

Hadithi yenyewe alinisimulia pale pale, ameketi juu ya sanduku, nami nimesimama. Nitaisema kama nilivyoielewa.

Oktoba 1961, wiki ya majaji, saa iko mbele dakika saba kama kawaida. Asubuhi moja sonara wetu, mzee Spurling, alikuwa anafungua duka lake pale uwanja wa soko. Saa ya mahakama ikagonga saa tatu kamili. Ikiwa bado inagonga, mtu akamjia kwa nyuma, akampiga kwa chuma, akachukua trei ya pete na kutokomea. Mzee Spurling alipoteza jicho. Hakumwona mtu sura, aliona koti la kijani tu. Lakini mlio wa saa aliusikia, na watu watano wengine waliusikia pamoja naye.

Mama mmoja aliyekuwa anauza mayai akasema alimwona kijana mwenye koti la kijani anakatiza soko mbio. Alitazama mnara: saa tatu na dakika tisa. Kijana huyo alikuwa Dennis Yelland, miaka ishirini na mmoja, ambaye aliwahi kukamatwa na baiskeli isiyo yake akiwa mtoto. Polisi hawakutafuta zaidi. Kesi ikasikilizwa Februari, wiki nyingine ya majaji, saa ikiwa tena mbele dakika saba.

Dennis alisema ameshuka kwenye treni. Na ni kweli. Mkata tiketi wa stesheni alikuja akasimama mahakamani, mtu wa maneno machache, akasema treni ilifika saa tatu kasoro dakika kumi barabara kwa saa ya stesheni, na huyu kijana alimkabidhi tiketi mkononi. Kutoka stesheni mpaka soko ni dakika kumi kwa mtu anayetembea upesi.

Sasa hesabuni nyinyi. Mwendesha mashtaka alihesabu hivi: kasoro kumi ameshuka, dakika kumi za njia, saa tatu kamili amempiga mzee, dakika tisa baadaye anakimbia. Inaingiana kama kifuniko na chungu. Lakini saa iliyogonga saa tatu ilikuwa inasema uongo. Ukweli wa dunia ulikuwa saa tatu kasoro dakika saba. Wakati mzee Spurling anaanguka, Dennis Yelland alikuwa na dakika tatu tu tangu atoe tiketi. Alikuwa hajafika hata nusu ya njia.

Na kwa nini alikimbia? Alikuwa ameitwa kuomba kazi kiwanda cha bia, afike saa tatu na dakika kumi. Aliingia sokoni ana nafasi tele. Akainua macho, akaona saa ya mahakama, akadhani amechelewa.

"Alisema hayo kizimbani," Horace aliniambia. "Alisema, 'Nilitazama saa, bwana, nikaona nimechelewa, nikakimbia.' Na mwendesha mashtaka akamuuliza, 'Kwa hiyo unakubaliana na saa hiyo?' Naye akajibu, 'Ndiyo, bwana.' Beryl, saa ilikuwa inagonga juu ya vichwa vyetu wakati ule ule. Jaji alitabasamu, akatoa yake mfukoni akailinganisha. Zikakubaliana. Bila shaka zilikubaliana! Mimi ndiye niliyezikubalisha."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Hatua nne kutoka kwake. Mkata tiketi aliposema kasoro kumi, nilipiga hesabu. Nikajua si yeye."

"Ukakaa kimya."

"Nilikuwa na Winnie, na mtoto wa miezi mitatu, na vyumba vile vilikuwa vya kazi. Tena nilidhani watamwachia. Pete hazikuonekana, sura haikuonekana. Nikajiambia, ngoja tu, watamwachia."

Siku zile ilibidi wote kumi na wawili wakubaliane. Mmoja tu akishikilia hapana, mtu hafungwi. Hilo likae kichwani mwenu.

Jopo lilipokwenda kushauriana, mtunza jengo ndiye aliyeapishwa kuwalinda. Kiapo chenyewe Horace bado alikuwa nacho kichwani, alikisema pale mnarani neno kwa neno, ameinua mkono wa kulia: kwamba atawaweka watu hawa mahali pa faragha, hatamruhusu mtu kusema nao, wala yeye mwenyewe hatasema nao juu ya kesi hii, ila kuwauliza kama wamekubaliana. Akawaingiza kwenye kile chumba cha baridi, akafunga, akasimama nje na ufunguo.

Baada ya nusu saa wakagonga kwa ndani. Alifungua. Alikuwa Cattermole, mchinja nyama, ambaye ndiye msemaji wao; mtu ambaye Horace alinunua kwake soseji kila Jumamosi.

"Horace, swali dogo tu. Hiyo saa yenu ya juu, ni sahihi?"

Hapo Horace aliigeukia saa. Mitambo iliendelea, tik, tik.

"Nikamwambia, 'Siruhusiwi kusema nanyi juu ya kesi. Andikeni swali, nimpelekee jaji.' Hivyo ndivyo sheria inavyosema, Beryl. Sikukosea hata neno."

"Wakaandika?"

"Cattermole aligeuka nyuma kuwatazama wenzake. Mtu mmoja ndani akasema, 'Acha mambo yako, Cattermole, ni saa ya mahakama hiyo, na hapa tunaganda kwa baridi.' Basi akaniambia, 'Yaishe, Horace.' Nikafunga mlango. Robo saa baadaye wakagonga, wamekubaliana."

Miaka mitano. Mama yake Dennis alikuwa amekaa juu, kwenye viti vya watu wa kawaida. Hakulia. Alichukua mkoba wake, akashuka, na Horace ndiye aliyemshikia mlango pale nguzoni. Yule mama akamwambia, "Asante."

"Nimesikia asante nyingi maishani," alisema Horace. "Ile ndiyo ninayoisikia."

Jumamosi ile aliirudisha saa nyuma, akaandika ule mstari wa mwisho, na hakuisogeza tena maisha yake yote. Wiki za majaji zilizofuata watu wa jopo walichelewa, majaji wakafoka, wakubwa wakamlaumu mtunza jengo. Alikubali lawama zote. Mimi ndiye niliyemdhania mwehu, na ile redio yake sikioni.

Nitasema ukweli, nilimkasirikia. Nilimwambia maneno ambayo sikupaswa kumwambia mtu wa umri ule aliyepanda ngazi sitini na moja ili anifungulie moyo. "Miaka hamsini na mmoja, Horace! Ulikosa hata siku moja ya kusema?"

"Kila siku nilisema kesho. Halafu akatoka gerezani, nikasema mwache apumzike. Halafu akahama. Halafu nikasema, amekwisha kusahau."

"Nani anasahau hilo?"

"Mimi sikusahau," alisema, na hapo nikaona haya.

Mimi ndiye niliyemtafuta Dennis. Haikuwa kazi; binamu yangu alikuwa anamfahamu. Alikuwa anaishi Wendlow, mabasi mawili kutoka kwetu, mzee wa miaka sabini na mitatu aliyetumia maisha yake kuezeka mapaa, asiyeoa. Horace alivaa suti yake ya mahakama, ile nyeusi, akalifunga daftari kwenye karatasi ya kahawia. Njia nzima alilikumbatia kifuani. Alikuwa ameandika maneno ya kusema kwenye kikaratasi, na nilimwona anayasoma midomo ikicheza.

Dennis alifungua mlango akiwa na tope mikononi. Alikuwa anapanda vitunguu. Alimtazama Horace, kisha ile suti, na nikaona amemtambua.

"Mtu wa funguo," alisema.

"Ndiye mimi, bwana Yelland."

"Ingieni. Viatu msivue, zulia lenyewe limekwisha."

Akatuwekea chai na biskuti kwenye sahani iliyopasuka ukingo. Horace hakuigusa. Alifungua karatasi, akaweka daftari mezani, akaanza kusema, na kile kikaratasi chake hakukitazama. Alisema yote: Peart, dakika saba, stesheni, hesabu. Dennis alikoroga chai polepole mpaka mwisho.

"Najua," alisema.

"Unajua?"

"Wiki ya tatu ndani. Gerezani huna kazi nyingine, ni kuhesabu. Nikahesabu hatua zangu kutoka stesheni, nilitembea kama mtu anayekwenda kuomba kazi, siyo kama mwizi. Nikaona haiwezekani ifike saa tatu na tisa. Ama stesheni inasema uongo au nyinyi. Na yule mzee wa tiketi hakuwa na sura ya uongo." Akatafuna biskuti. "Nikamwandikia wakili wangu. Akajibu mistari miwili. Kijana, wewe mwenyewe uliikubali saa hiyo mbele ya jaji."

"Daftari hili ni ushahidi," nilisema mimi. "Likipelekwa panapohusika, jina lako litasafishwa. Horace yuko tayari kuapa."

"Kuapa anajua," Dennis alisema, na akacheka kidogo bila ubaya. "Lisafishwe kwa ajili ya nani, mama? Mimi paa likivuja watu hawaniulizi nilifungwa wapi."

Nilidhani tumemaliza. Nilidhani tumeponea hapo, kwamba mtu huyu ana moyo mkubwa na tutakunywa chai yetu twende zetu. Nilimtazama Horace kumwambia kwa macho kwamba yatosha. Lakini yeye alikuwa amekuja kusema yote.

"Kuna jingine," alisema. "Waliniuliza."

"Nani?"

"Jopo. Cattermole, mchinja nyama. Aligonga mlango akaniuliza kama saa ni sahihi. Nikamwambia siruhusiwi kusema nao."

Dennis aliweka kikombe chini. 

"Rudia."

Horace akarudia. Neno kwa neno, pamoja na yule aliyelalamika baridi, na Cattermole akisema yaishe.

"Waliuliza," Dennis alisema. Hakuwa anatuambia sisi. "Kumbe waliuliza."

Alilivuta daftari karibu yake. Kisha akatueleza, macho yake kwenye daftari, hasira hakuna, na ingekuwa afadhali kama ingekuwapo.

"Mama yangu alikuja kila mwezi, basi mbili kama nyinyi leo. Mwaka wa kwanza alikuwa upande wangu. Halafu nikaona anabadilika. Siku moja akaniambia, 'Dennis, wale ni watu wa mji wetu. Wanakujua tangu unanyonya. Watu kumi na wawili, mwanangu, na hata mmoja asiwe na swali? Basi kuna kitu hunambii.' Nikaapa. Akasema, 'Kama kungekuwa na shaka, mmoja angeuliza.' Hakuja tena baada ya hapo. Machi, kasisi akaniita ofisini akaniambia amefariki."

Horace alifungua mdomo.

"Usiseme kitu," Dennis alimwambia. "Tafadhali. Ulikuwa na siku ya kusema."

Akasimama, akatufungulia mlango. Daftari alimrudishia Horace mkononi, limefungwa vizuri kwenye karatasi yake ya kahawia, hata kamba aliifunga mwenyewe. Alituonyesha njia fupi ya kwenda kituoni, akatuambia tujihadhari na barafu pale kwenye kona. Nilipogeuka alikuwa bado amesimama mlangoni na tope lake mikononi.

Kituoni tulikuwa peke yetu. Basi lilikuwa halijafika, upepo unachoma, na Horace alikuwa amelikumbatia daftari vilevile kama asubuhi.  Na mimi niliwahi kulishika daftari lile mikononi, miaka thelathini iliyopita, nikalirudisha sandukuni bila kuuliza. Huenda angeniambia. Huenda yule mzee wa vitunguu angepata miaka thelathini ya kujua kwamba waliuliza.

"Ilikuwa neno moja tu, Beryl," alisema hatimaye. "Aliniuliza kama ni sahihi. Ilikuwa nimjibu hapana, basi."

"Ungevunja kiapo."

"Ndiyo," alisema. "Ningekivunja."

Nikatazama saa yangu, maana basi lilikuwa limechelewa. Niliona ameona nikitazama. Nikangoja aniulize, kama alivyoniuliza kila siku tangu nilipokuwa msichana na ndoo yangu mkononi. Hakuniuliza.